Nimemimina Divai ya Mkwe Kwenye Supu

Shangazi Honorine, nisaidie kabla sijapasuka, maana tangu Jumapili mwanangu Sylvain hasemi nami na harusi yake ni wiki ijayo. Mimi ni mjane, nalima mizabibu hapa Madiran, na Jumapili hiyo wazazi wa mchumba wake, Clotilde, walitoka Paris kuja kula kwangu kwa mara ya kwanza, nikapika garbure ya kabichi, maharage na mapaja ya bata, supu nzito ambayo kijiko kinasimama chenyewe, na baba mtu, Bwana Delattre, akaja na chupa ya divai nyekundu ya Bordeaux akaiweka mezani bila neno, nikasema moyoni huyu kweli muungwana, nikaizibua, tukala vizuri, na mabakuli yalipobaki na mchuzi kidogo nikafanya chabrot kama alivyofanya mama na bibi, nikamimina divai juu ya mchuzi, nikaanza na bakuli la mgeni, nikazunguka meza nzima mpaka chupa ikaisha.

Mungu wangu! Mtu aliruka kama kaumwa na nyuki. "Mama Sylvain, unafanya nini? Chupa hii nimeitunza tangu Clotilde azaliwe!" Mkewe naye: "Kwenye mchuzi wa kabichi, jamani!" Sylvain akanivuta jikoni. "Mama, umeniaibisha. Kaombe radhi, na siku ya harusi usithubutu kumimina divai kwenye bakuli, la sivyo bora usije." Mimi huyo, niliyemlea kwa supu hiyo hiyo! Nikarudi mezani, nikainua bakuli langu kwa mikono miwili nikalimaliza mbele yao, Clotilde naye akainua lake akanywa lote, baba yake akatoka nje. Siombi radhi, Shangazi. Divai si sanamu ya kanisani. Sasa niende harusini, au nibaki na bata wangu?

Marcelline, Madiran

Marcelline, pole sana, na sasa kaa nikuseme. Divai nyekundu na mchuzi wa bata vinapatana toka enzi na enzi, na anayeona kinyaa atazame pembeni. Lakini chupa ile haikuwa yako! Mtu katoka nayo Paris kaipakata kama mtoto, na wewe hukuuliza hata, "Hii ya mwaka gani?" Mkulima wa mizabibu mzima, macho uliyaweka wapi? Chabrot ni kwa divai ya kila siku, unalijua hilo kuliko mimi. Yule baba alitaka kuonja nanyi miaka ya binti yake, ukamnyima.

Kwa hiyo leo utampigia simu, wewe mwenyewe, si Sylvain. Sema: "Bwana Delattre, nisamehe kwa chupa." Kwa chupa, basi. Kuhusu supu usiongeze neno, na akingoja uongeze, mwache angoje. Kisha mwambie kwamba binti yake alilimaliza bakuli lake, maana kwa hasira zile huenda hakuona.

Sylvain naye mwambie harusini unakwenda, na divai yako unayo, na utakaa pale mama wa bwana harusi anapokaa. Akibisha, mwambie akamweleze Clotilde kwanza kwamba amekukataza. Asijione amekuwa mkubwa kwa kumwonea haya mama yake! Na supu ikiletwa, jimiminie bila kumtazama mtu usoni. Bakuli la Bwana Delattre, muulize kwanza.