Msichana Waliyempekua Mifuko

Alhamisi, tarehe 1 Juni

Wamemuua. Msichana wangu wamemuua, na chai haijapoa bado.

Merv ndiye aliyempiga. Sijamaliza hata kusema ana nywele za namna gani — Merv kashatupa dadu. "Namkata shingo." Nikamwambia, Merv, ngoja, huyu ana jambo la kusema. Akasema atalisema akiwa maiti. Halafu Raewyn, macho yake kwenye sweta analofuma, hata hayainuki: "Mfukoni ana nini?"

Mfukoni ana nini! Mtoto yuko ndani ya jitu la chuma, analia. Nimemtunga wiki nzima, nikiosha vyombo, nikimngoja daktari wa miguu. Nilitaka wamkalishe, wamuulize kinachomliza, naye afungue mlango wa lile jitu ateremke. Hizi katuni za Kijapani, anime, ndivyo zinavyokwenda. Adui anapiga watu kwa sababu ameumia. Ukimuuliza vizuri, mbele ya safari mnakaa naye mnakula wali.

Hawa wangu hawayajui hayo. Miaka yote tumecheza chini ya Shona. Yeye ndiye mwenye mchezo, mtunga hadithi tunayoicheza kwa dadu, yeye anakaa nyuma ya ile mbao yake ya kukunja ili tusichungulie alichotupangia, na kwa Shona adui ni adui. Unaua, unapekua, unagawana, unamwaga chai nyingine. Sasa Shona tumemzika Februari. Na Graham mume wake kakaa leo pale pale anapokaa siku zote, akaambiwa tupa dadu, akatupa, akasema "kumi na nne." Basi. Hilo ndilo neno lake la leo.

Msichana wa chuma sikumtunga kwa ajili ya Merv.

Ijumaa, tarehe 2 Juni

Mvua. Upepo wa kusini umekata kamba yangu ya nguo, shuka moja limekwenda kukaa kwenye uzio wa jirani, na yule jirani na mimi hatusemezani tangu habari ya paka. Nimeliacha huko huko.

Nasema na hii simu inirekodi kwa sababu kuandika siwezi. Shule niliiacha mapema, nikaenda kufunga nyama kiwandani, na Shona alikuwa amesimama pembeni yangu kwenye mkanda ule ule wa kupitisha nyama. Siku aliponiita kwenye mchezo nilimwambia, wewe Shona, hivyo vitabu vyote mimi nitavisomaje? Akasema, Noeline, mdomo unao? Basi. Na kweli, mchezo ni mdomo tu na dadu. Unasema, mimi ni mchawi, napita mlango huu. Unapita.

Alikuwa na sheria yake moja: mtu asipofika Alhamisi, yule mtu wake wa mchezo amelala nyumba ya wageni, ghorofani. Haguswi. Hafi, haibiwi. Merv alipofanyiwa upasuaji wa moyo, shujaa wake alilala majira yote ya baridi, tukawa tunampitishia supu mlangoni, kwa mchezo tu.

Sasa aliyelala ni mwenye mchezo. Kwa hiyo nchi yote ile aliyotutungia, milima, wale mazimwi wake, vyote viko ghorofani huko. Nani ataingia?

Ndiyo nikasema tujaribu mpya. Hizi katuni nilizianza goti langu lilipopasuliwa, nimelala tu, televisheni inajisemea. Nilichagua zile walizobandika sauti za Kiingereza, maana maandishi ya chini yananikimbia. Nikaona watu wazima na watoto wanaambiana, nimeumia hapa. Wanasema kabisa! Huku kwetu Bluff, mji wa wavuvi, nani kakwambia hivyo?

Na Graham anaondoka. Raewyn kakutana naye duka la dawa. Mtoto wake Craig, yule wa Brisbane, ng'ambo ya bahari, anamtaka ahamie kwake; kamwambia, baba, huko umebaki na nini? Graham kajibu, Alhamisi. Raewyn anasema kisha akaongeza, "Nayo sijui."

Jumapili, tarehe 4 Juni

Niliwaita waje waone katuni yenyewe, labda wakiona wataelewa. Merv kaingia na viatu vyenye tope.

Hakunyamaza. "Mbona macho yao kama ya bundi?" "Huyu ni mvulana au msichana?" "Kwa nini anatangaza jina la pigo kabla hajapiga? Mimi nikitaka kumpiga mtu simtumii barua." Raewyn akamwambia, mzee, wewe hujampiga mtu tangu ulipoangukia mlango wa baa, na mlango ulishinda. Hapo nilicheka, nakubali.

Lakini hata Raewyn hakupenda. Anasema ni mambo ya watoto na wanalia mno. Merv kaona sehemu tatu nzima, malalamiko yake yakawa kwamba hakuna hata maiti mmoja aliyepekuliwa.

Graham alikaa kiti cha dirishani. Nilidhani amelala. Nilipozima, wenzake wanatafuta makoti, akauliza, "Yule wa nywele za buluu. Anakula na nani?"

Nikamwambia, bado hana mtu, mpaka mbele huko.

"Aa," akasema. Akavaa kofia.

Alhamisi, tarehe 8 Juni

Sijui kama nimetengeneza au nimeharibu. Nasema hivi nikiwa nimekaa kitandani na soksi za sufu mbili mbili, bado naona baridi.

Huu mchezo mpya nimeubadilishia sheria: hauna damu tena. Ukipigwa hupungukiwi damu, unaweka alama kwenye karatasi yako: umeumia nini. Hasira, woga, aibu, upweke, namna hiyo. Na alama haifutiki kwa dawa. Inafutika mwenzako mmoja akija akakuuliza, nawe ukamjibu kweli kwa mdomo wa yule mtu wako wa mchezo. Alama zikijaa, huna tena nguvu ya kupigana. Unakaa chini.

Graham alichukua yule yule shujaa wake wa zamani, akamtia ndani ya jitu la chuma. Na akawa anajitosa! Kila pigo linalokuja, yeye mbele. Raewyn anapigwa, Graham anaingia kati. Merv anapigwa, Graham huyo. Nikadhani ni mbinu. Mpaka Raewyn akamwangalizia karatasi: "Noeline, huyu amejaa."

Nikasema, basi shujaa amekaa chini. Mmoja aende kwake.

Merv akasema, "Nampa dawa." Nikamwambia dawa hamna. "Namfunga bandeji." Hamna, Merv. "Sasa mchezo gani huu?" Nikamwambia, muulize.

"Nimuulize nini?"

"Kilichomkaa."

Merv kawa mwekundu shingo nzima. "Sisi hatuulizani," akasema. Na ni kweli. Amekaa na Graham kwenye boti za chaza nusu ya maisha yake, hajawahi kumuuliza kitu zaidi ya hali ya hewa. Siku ya mazishi alimletea kuni. Akazipanga, akaondoka.

Raewyn kaweka sindano zake chini, na Raewyn sindano haweki. Merv anaigeuza dadu, anaigeuza. Halafu akasema, haelekei kwa mtu yeyote, "Umekula nini leo?"

Kwa mdomo wa shujaa wake aliuliza, au wake mwenyewe, sikujua.

Graham akasema, "Mkate." Tukangoja. "Nakula nimesimama, pale kwenye sinki. Mezani siwezi kukaa, kiti chake kinanitazama."

Mimi mwenye mchezo nilipaswa kusema, vizuri, futa alama moja. Niliona haya. Unamwambiaje mtu afute?

Graham kanyanyuka, kasema asante kwa chai, kachukua koti. Dadu zake kaziacha mezani. Zile nyeusi alizonunuliwa na Shona. Huwa haziachi, huziweka mfukoni hata akienda chooni.

Merv baadaye, mlangoni, hakunitazama. "Umeona? Ndiyo maana hatuulizani."

Jumatatu, tarehe 12 Juni

Kibao cha nyumba inauzwa kimesimamishwa kwa Graham. Craig amefika. Raewyn kaona masanduku.

Dadu nimeziweka kwenye kisahani. Sizigusi. Nimezunguka meza kama kuku.

Alhamisi, tarehe 15 Juni

Nasema haraka haraka maana watu wako jikoni. Ndege ya Graham ni leo jioni. Raewyn kaambiwa na Craig mwenyewe, kijana mzuri tu, ana adabu, lakini anasema kama mtu aliyeshamaliza. Nikasema mimi meza naitandika. Saa ile ile, viti vile vile. Raewyn kaniuliza, shoga, kwa ajili ya nani? Nikamwambia, wewe kaa ufume.

Merv kafika kabla ya wakati, na Merv hajawahi. Kaleta mikate ya jibini ya kukunja, kaichoma mwenyewe, imeungua upande. Kasimama hapo na sahani.

"Yule msichana," akasema.

Msichana gani?

"Wa chuma. Niliyemkata."

Nikamwambia, amekufa Merv, mlimpekua mpaka soksi.

"Najua." Kaweka sahani, kaichukua tena. "Lakini tuseme hakufa. Tuseme alilala nyumba ya wageni. Mwenye mchezo si ni wewe? Shona angekubali?"

Shona asingekubali. Kwa Shona, aliyekufa kafa, hata ulie. Nikamwambia Merv, ghorofani kuna nafasi, mlaze. Akashusha pumzi. Akaniuliza, sasa akiamka, mtu anamwanzaje? Nikamwambia, ulimwanza Graham vizuri. Akasema, "Vizuri? Si aliondoka?" Nimekuja huku chumbani kutafuta miwani, ndiyo nikawasha hii —

Huyo ananiita. Nini, Merv?

Anasema kuna gari getini. Craig kashika usukani, injini inanguruma, Graham kakaa kando, hashuki.

Basi nenda kamwite!

Anasema alikwenda. Eti kagonga kioo. Umemwambia nini, Merv? — Anasema, "Nimemuuliza kala nini."

Na yeye?

"Kasema bado hajala."

Haya. Haya, nakuja. Raewyn, vuta kile kiti, kile cha dirishani, kiweke — aa, acha, naja mwenyewe.