Jiko Chumbani kwa Bibi

Jumatano jioni, Maguu. Baridi kali.

Leo niliwafundisha Kidato cha Tatu majina ya gesi: kaboni ikishirikiana elektroni na oksijeni mbili, ni kaboni dayoksaidi, ikishirikiana na moja tu, ni kaboni monoksaidi. Hii haina harufu, hutoka kwenye mkaa unaowaka, na chumba kikifungwa inaua.

Odilia akanyoosha mkono. "Mwalimu, bibi yangu analala na jiko ndani. Asubuhi kichwa kilimuuma, akatapika. Nimemwacha amelala."

Sikumaliza kipindi. Mimi na Odilia tulikimbia hadi kwao. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia ya kahawa.

"Shikamoo, bibi!"

Nilimtikisa, hakuamka.

Tulimbeba hadi uani. Baada ya muda akafumbua macho, akasema taratibu, "Marahaba. Mbona mnanitoa kwenye joto?"

Odilia akalia. Mimi pia.

Sasa bibi yuko kituo cha afya, anaongea. Nashukuru. Lakini baridi ya leo inazidi ya jana, na wanafunzi wote wamerudi majumbani, kwenye majiko ya mkaa. Sijui nani alinisikia, na nani alikuwa ananakili tu.