Mkono Wako Darasani

Thornton Heath, London
Jumapili

Dada yangu Mwanahamisi,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limetulia tangu mvua ziishe. Mimi sijambo, binti yangu Salma hajambo, baridi ndiyo haijambo kuliko sisi sote. Najua utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu kwenye simu. Kuna jambo nimeshindwa kulisema kwa mdomo, maana ungenikatiza kwa kicheko.

Nimerudi shule. Haya, cheka kwanza, nakungoja. Miaka hamsini na miwili na begi mgongoni! Kila Jumamosi asubuhi nakwenda darasa la watu wazima kusoma hesabu. Bila cheti cha hesabu sipokelewi chuo cha uuguzi, na mimi nimechoka kuwa mtu wa kubeba mabeseni katika nyumba ya wazee. Miaka kumi na mitatu inatosha. Nataka niwe nesi kabla mgongo huu haujastaafu.

Siku ya kwanza mwalimu alipoingia nikasimama wima, peke yangu. Wenzangu wamekaa, mmoja anakunywa kahawa, mwingine kanyoosha miguu juu ya kiti. Nikabaki nimesimama, nangoja niambiwe kaeni. Mwalimu mwenyewe ni binti wa Kihindi wa huko Kingsbury, anaitwa Nisha, angeweza kuwa mwanangu. Akaniuliza, "Are you okay?" Nikamjibu kwa sauti ya mstarini, "Yes, madam!"

Hiyo "yes, madam" ndiyo iliyoniponza.

Unamkumbuka Mwalimu Kaniki wa hesabu na chaki yake sikioni? Alikuwa anajaza ubao mzima, anafuta kwa kiganja, halafu anatugeukia na suruali nyeupe kwa vumbi: "Tuko pamoja?" Nasi wote arobaini, "Ndiyo mwalimuuu!" Hatukuwa pamoja hata kidogo. Alikuwa peke yake huko mbele na logi zake. Kwa Bi Agnes wa jiografia ilikuwa hivyo hivyo. Alituchorea ramani ya dunia bila kutazama kitabu, akatueleza mashamba ya ngano ya Marekani na ukungu wa London kama aliyetoka huko jana, nasi tukaitikia. Ukungu wake sijauona bado, lakini kila nikishuka kituoni asubuhi namkumbuka yeye na kitenge chake cha bluu. Nawapenda walimu wale, dada. Siku hizi nawakumbuka mpaka harufu ya chaki inanijia.

Na wewe, dada niliyesoma nawe darasa moja, nakukumbuka zaidi. Darasa zima likishaitikia, wewe pale dirishani unanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi sijaelewa." Watu wanaguna, maana kengele inakaribia na makande jikoni yanapoa. Wanakuita kilaza. Mwalimu Kaniki anashusha pumzi, anafuta ubao, anaanza upya. Ulipoitwa nyumbani kidato cha tatu kumuuguza Mama, darasa likabaki bila mkono. Tuliitikia "ndiyo mwalimu" mpaka siku ya mtihani, na matokeo yangu ya hesabu unayajua.

Basi huku nikaendelea na desturi yetu. Nisha akimaliza kueleza anauliza, "Everyone happy with that?" Wenzangu wanatazama meza. Mimi mbio, "Yes, madam!" Uwiano, yes madam. Asilimia, yes madam. Wiki ya tano akaniita pembeni, anatabasamu: "Zuhura, you're flying. I'm moving you to the top group." Kundi hilo la juu linafanya mtihani mgumu mwezi ujao. Unajua nilimjibu nini? Yes, madam.

Nikakaa wiki mbili katika kundi hilo, humo humo darasani, nikinakili vitu nisivyovijua. Salma akaliona daftari langu, akasema, "Mum, just tell her." Watoto wa huku kila kitu kwao ni just. Mficha maradhi kilio kitamuumbua, nalijua hilo, lakini aibu ilinishinda.

Kilichoniamsha kilitokea kazini. Nesi wa zamu alinieleza kiasi kipya cha dawa ya maji ya bibi mmoja ninayemhudumia, akauliza kama nimeelewa. "Yes," mdomo ukajibu wenyewe. Nikafika mlangoni kwa bibi na kikombe cha kupimia dawa mkononi, sijui nijaze hadi mstari upi. Yule bibi ananitazama tu, ananiamini. Nikaogopa sana, dada. Nikageuka, nikarudi, nikamwambia nesi anieleze tena.

Jana darasani Nisha alipouliza swali lake, nikanyoosha mkono. Nikasema sijaelewa. "Which bit?" Nikamwambia yote, tangu wiki ya kwanza. Nikasubiri kicheko. Mama mmoja Mkongo aliyekaa nyuma yangu akasema kwa sauti, "Hata miye, dada! Sielewi kitu!" Kisha mwingine, kisha yule wa kahawa. Nisha akakaa juu ya meza, akasema bibi yake aliyezaliwa Kisumu alikuwa na neno lake, pole pole. Akafuta ubao. Nimerudishwa kundi la chini, na mtihani nitafanya baadaye kidogo. Kama nitafaulu sijui, lakini jana uwiano niliuelewa.

Nisalimie shemeji, mwambie ile kofia aliyoniagiza nimeipata. Msalimie na mwanao wa kwanza, huyo mwalimu. Mwambie akiuliza "tuko pamoja?" asiamini jibu.

Jambo nililoshindwa kukuambia kwenye simu ni hili. Siku zile walipokuita kilaza, nami nilicheka, nilicheka kuliko wote, ili wasinihesabu pamoja nawe. Halafu ukielezewa, nilikuwa naandika kila neno. Sikuwahi kuelewa kitu mara ya kwanza, dada. Hata siku moja.

Unisamehe.

Mdogo wako,
Zuhura