Viti Vibovu vya Stoo

Baba Pacha,

Chakula kiko jikoni, nimekifunika. Pasha mwenyewe. Simu uliyoisahau iko kwenye chaji.

Ulipokwenda kwa kinyozi uliiacha wazi kwenye ule ukurasa wa kutangazia mapato ya nyumba. Nikachungulia, maana wewe kushughulikia kodi ya serikali bila kununa si bure. Umejaza kwamba tunapangisha vyumba vitano. Mimi tangu unilete hapa nafagia mbele ya vyumba vinne. ~~Labda umekosea kubonyeza.~~ Hukukosea. Umeweka na picha za milango, na wa tano ni wa stoo. Stoo ile ile uliyosema imejaa viti vibovu na ufunguo umepotea!

Yaani serikali unaiogopa, mimi huniogopi?

Niko kwa dada. Wapangaji wakilalamikia maji, mpigie fundi bomba.

Halafu, wakati natoka nilipita stoo nikabisha hodi. Viti vibovu vikaitikia: "Karibu, mama mwenye nyumba! Pango la mwezi huu nimeshampa mzee, kama kawaida."

Mama Pacha