Nyekundu Hii Si Ile Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mungu alipokuwa anagawa bahati, mimi nilikuwa mbele kabisa ya foleni, tena nimekuja na kapu. Sijisifu. Naandika ukweli, na daftari hili halina msomaji mwingine. Miaka yote ile chini kwenye injini za meli, wenzangu wametoka huko viziwi kama mawe. Ukiwasalimia wanakujibu bei ya samaki. Mimi? Masikio ya popo! Ndiyo maana chumba changu cha kurekodi kinajulikana mitaa yote hii. Na kanda zangu hazina ule uchafu wa kanda za watu. Kaseti za wengine, nyuma ya wimbo kuna sss, sss, kama mtu anakaanga vitunguu chumba cha pili. Zangu safi. Kimya kama darasa siku ya likizo. Watu wananiuliza siri. Siri hakuna. Bahati!

Leo nimehama. Kwaheri kaseti! Nimempa Profesa deki zangu mbili za kaseti, naye kanipa kompyuta, kisanduku cha kuchomekea maiki, na hedifoni nzito kama kofia ya askari. Profesa ni fundi wa kompyuta pale kona. Jina kajipa mwenyewe. Shule tuliiacha darasa moja, wiki moja. Alishinda hapa akinifundisha. Bonyeza hapa, hifadhi pale. Sauti haikai tena kwenye utepe, inageuka namba. Nikamwambia hesabu ndiyo iliyonifukuza shule, leo imenifuata mpaka nyumbani.

Jambo moja tu tulibishana. Kwenye deki mimi nasukuma sauti mpaka sindano ya kipimo inalala kwenye nyekundu. Hapo ndipo inanona. Profesa anasema kwenye kompyuta nyekundu usiiguse kabisa. "Nyekundu hii si ile nyekundu, Baharia." Nikamwambia nyekundu ni nyekundu, hata damu ya tajiri.

Mama watoto alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiangalia deki zinavyobebwa. Usiache mbachao kwa msala upitao, akasema. Nikamjibu msala huu haupiti, umekuja kukaa.

Jumatano, 5 Machi

Dada kaja. Afadhali ningekuwa sina cha kuandika.

Ule uvimbe wake wa shingoni, daktari kaamua kuutoa. Jumanne ijayo. Alinieleza huku anamenya chungwa, taratibu, ganda moja refu bila kukatika. Mshipa unaoendesha sauti umepita hapo hapo, nyuma ya uvimbe. Kisu kikiugusa, basi. Anaweza kuamka na sauti yake. Anaweza kuamka na sauti ya jogoo mwenye mafua. Anaweza kuamka hana. Na ukikataa kukatwa? nikauliza. Utanikaba, akasema. Akanipa nusu ya chungwa.

Anachotaka ni nyimbo za mama. Mama kafa hana hata picha ya maana, sembuse kanda. Nyimbo zake zote ziko kwenye koo la Dada, si kwingine. Ya kufulia. Ya kulaza watoto. Na ile ya kumsema baba bila kumtaja. Baba alikuwa anaipigia makofi, maskini, hajui ni yeye! Mimi nazijua nusu nusu, nilikuwa safarini. Binti zake wanajua kibwagizo tu.

"Zirekodi kabla sijalala kitandani kwao, mdogo wangu. Kwa huo mtambo wako mpya."

Nikamwambia kafika kwa mwenyewe. Jumamosi!

Alipoondoka nilikaa pale kwenye kiti. Si kitu. Nilikaa tu, na ganda la chungwa.

Ijumaa, 7 Machi

Chumba tayari. Magodoro yote yako ukutani, leo tunalala sakafuni kama wakimbizi. Blanketi dirishani. Fundi cherehani, jirani wa ukuta wa pili, kaahidi kesho hatagusa mashine mpaka tumalize. Sharti lake aje kusikiliza. Aje!

Nimefanya jaribio. Nikamkalisha mama watoto mbele ya maiki, nikamwambia sema chochote. Loo! Akasema yote aliyoyaweka tangu tuoane. Nikasukuma mpaka taa nyekundu ikawaka. Nikamvisha hedifoni asikilize. Akakunja uso. Mbona inakwaruza, baba watoto? Kama mtu anararua gunia. Nikamwambia kinachokwaruza ni maneno yako.

Kwa kawaida angecheka. Hakucheka. Aliniangalia, akaiweka hedifoni mezani polepole, kama anaweka yai.

"Haya, Bwana Masikio."

Sikuipenda ile Bwana Masikio. Nimesikiliza tena mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna kinachokwaruza. Hakuna!

Jumamosi, 8 Machi

Kazi imefanyika. Imefanyika.

Dada alikuja asubuhi, kajifunga kitambaa shingoni kufunika uvimbe. Mama watoto akamwanza mlangoni: wifi, leo usitutie aibu, ukikohoa tunakukata. Dada akamjibu kukatwa nakatwa Jumanne, wewe subiri zamu yako. Tukabaki tunatazamana, tucheke tusicheke. Akacheka yeye kwanza, ndipo tukapona.

Halafu akaimba. Niandikeje? Alianza na ya kufulia. Nikaliona beseni, nikaliona povu, nikamwona mama anavyokamua shati la shule kama anamnyonga mwizi. Sindano huku hakuna, kuna vijiti vya kijani vinapanda na kushuka. Nikavisukuma juu. Nyekundu ikawaka. Nikaiacha iwake. Nilitaka sauti yake ijae mpaka ukingoni, lisibaki tone nje, maana Jumanne nani ajuaye. Alipofika kwenye wimbo wa kumsema baba aliusimamia kabisa, mkono kiunoni, mama mtupu! Kompyuta iliwaka nyekundu kama jiko.

Nikawawekea kwenye spika. Hapa ndipo sielewi. Fundi cherehani akafungua mdomo, "Mbona—", mama watoto akamkanyaga mguu. Nimeona kwa macho yangu. Dada alikuwa anaangalia sakafu, mkono shingoni. Ulipoisha akapiga makofi. Umenifanyia kazi kubwa, akasema, akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo na homa.

Hakuna aliyesema rudia. Watu wangu wote wakisikia walivyorekodiwa husema rudia, rudia, mpaka nawafukuza. Leo hakuna.

Labda ni huzuni. Ni huzuni tu.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kwa Profesa. 

Nilimpelekea anitolee nakala, moja kwa kila binti wa Dada. Akavaa hedifoni. Akaivua. Akauangalia waya kama nyoka, akauchomoa, akauchomeka tena, akavaa. Akaivua.

"Baharia, hii uliisikiliza?"

Nikasema nimeisikiliza sana.

"Na ukaiacha hivi?"

Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Sauti ya mtu, akasema, inatakiwa ionekane kama milima, kilele na bonde. Ya Dada ilikuwa matofali. Vilele vyote vimekatwa sawa, juu na chini, kama ukuta. Nikamwambia haya, virudishe. Akasema kilichokatwa hakimo, nirudishe nini? Kaseti ni shangazi, ukizidisha anakufunika, anasema mtoto kachoka. Hii ni hakimu. Nilikwambia, nyekundu hii si ile nyekundu!

Nikamwomba aiweke tena. Nikabana hedifoni kwa mikono miwili. Nasikia Dada anaimba. Mtamu. Najua kwa macho kwamba imeharibika na masikio yananiambia mtamu!

Nikasema ndiyo, naisikia, inakwaruza kweli. Nimemdanganya Profesa.

Akanionea huruma, akanirudishia deki moja. Ile nyingine kashaifungua. Chukua, akasema, mrekodi kwa kaseti uliyoizoea, angalau hiyo inasamehe. Akaijaribu mbele yangu, na kanda yangu mwenyewe ya zamani, ile ya kwaya ya wanafunzi wa ukunga. Wakaimba. Yeye anatikisa kichwa, anacheka. "Ila sss hii, rafiki yangu! Ya kukaangia samaki wa mtaa mzima."

Nikainama mpaka sikio likagusa spika.

Wanafunzi wanaimba. Nyuma yao kimya. Kimya kama darasa siku ya likizo.

Jumatatu, 10 Machi

Jioni hii Dada analazwa. Kesho asubuhi kisu. Kwa hiyo ni leo. Hakuna kesho kutwa.

Nilimwambia mama watoto kwamba zile nyimbo zimeharibika, mtambo una hitilafu. Mtambo! Hakushtuka hata kidogo. Akasema tunajua. Nani mnajua? Sote. Fundi cherehani anajua, wifi anajua, Jumamosi ile ile pale pale. Nikapandisha sauti: mbona hamkusema? Akasema Dada ndiye aliyekataza. Ulipotoka nje kidogo alituambia mwacheni, akijua atavunjika, kurekodi ndicho kitu kimoja anachojivunia. Nyimbo basi, ziishie kooni mwangu.

Nikatoka nje nikasimama ukutani.

Huyu mtu anakwenda kukatwa koo. Alikuwa tayari aende na nyimbo za mama zimeraruka, ili mimi nisione aibu! Na mimi jana nimedanganya kwa sababu ya aibu hiyo hiyo.

Nimempigia simu. Nikamwambia njoo, dada, tuimbe upya.  Akasema nakuja na begi langu kabisa, nikitoka hapo napitiliza hospitali.

Baadaye

Kafika. Anakunywa maji ya vuguvugu, sauti imekauka kidogo, kasema ana nguvu za kuimba mara moja tu, asirudishwe nyuma. Begi liko chini, kandambili zimechungulia kwenye zipu. Fundi cherehani kazima mashine bila kuombwa. Naandika huku nasubiri, kalamu inanisaidia nisiongee.

Mezani kuna vitu viwili. Deki na kompyuta. Nitasema kweli, nilishachomeka maiki kwenye deki. Deki inasamehe. Nitaisukuma kama zamani, itanifunika kama zamani, na hakuna atakayejua lolote. Nikamwambia Dada leo tunarudi kwenye mila, kaseti.

Akasema sawa, mdogo wangu, utakavyo. Lakini wanangu hawana cha kuchezea kaseti. Akasema taratibu tu, halafu akageuka kunyoosha kitambaa chake.

Mama watoto akainama kwangu. Na ile sss? Wimbo wa kulaza mtoto, pale anaponong'ona, sss itamfunika. Nikaanza: kanda zangu hazina—

Nikaishia hapo. Alikuwa ananiangalia kama Ijumaa ile. Si kwa hasira. Akasema baba watoto, asubuhi unawasikia ndege?

Nilidhani wamehama.

Nimechomoa maiki kwenye deki, nimeirudisha kwenye kisanduku. Vijiti nimevishusha chini kabisa, vikae kwenye kijani, mbali na nyekundu. Kwa hilo macho yanatosha. Lakini maiki ikinguruma, waya ukikwaruza, taa ikilia, macho hayatanisaidia, na Dada ana pumzi za mara moja. Nimeichukua hedifoni. Nimemvisha mama watoto. Hakuuliza kwa nini. Katengeneza nywele zake chini ya ule mkanda, kakaa wima kama nahodha, kainua kidole. Kuna mluzi, anasema. Mwembamba, kama mbu. Unatoka wapi?

Dada kaweka kikombe chini. Kanigeukia. Wote wawili wananitazama mimi nijibu unatoka wapi. Mimi mwenye chumba.

Nimesema zimeni taa. Nimekisia tu. Mama watoto kafumba macho, anasikiliza. Bado kidole kiko juu. Dada kashavuta pumzi.

Ile bahati niliyoandika Jumatatu iliyopita ni uongo. Kanda zangu zina sss kama za watu wote. Mimi ndiye nisiyesikia.