Vyuma Vipya kwa Mashua ya Arusi

Jumatatu, 6 mwezi wa kumi

Daraja imeenda! Mvua ya jana ilibeba mbao zote, hata pikipiki haipite tena. Na Jumamosi hii Murekatete, dada mudogo wa bwana yangu, njo anaolewa. Kanisa ya kina Yves, bwana arusi, iko ngambo ile ya ziwa. Kuzunguka kwa miguu ni asubuhi nzima ndani ya matope. Na robe nyeupe ya bibi arusi!

Nikasema: si kuko mashua yangu?

Wote wakacheka. Mashua yangu wanaiita Bata. Papa yangu, fundi wa mashua wa Bweremana, aliitengeneza hapa alipokuja kututembelea, juu alisema mutoto wake hawezi kukaa karibu na maji bila tanga. Ninavusha nayo maziwa ya kuuza. Lakini familia ya bwana yangu ni watu wa ng'ombe. Maji kwao ni ya kunywesha tu. Mama mukwe, Mama Libérata, alisema mutoto wake hataingia kanisani na harufu ya samaki. Nikajibu polepole: Mama, Bata haijabeba samaki hata siku moja. Ni maziwa yenu.

Murekatete peke yake hakucheka. Aliuliza tu kama robe italowa.

Jumanne, 7 mwezi wa kumi

Leo nimeangalia Bata vizuri. Aibu! Nilikuwa nimeizoea, nikaacha kuiona. Poulie, kapi ya juu ya mulingoti, imelika — kamba inatoka kwa gurudumu, inajibana pembeni, tanga inakwama katikati. Bawaba za usukani zinacheza. Unageuza, unangoja, halafu Bata inafikiri kama itakubali. Na boulons za kukazia vyuma, kutu tupu.

Bawaba mupya nitatoa wapi? Nikaangalia mulango wa jikoni. Mulango wa jikoni ukaniangalia. Tulielewana.

Gasana, bwana yangu, akarudi toka malishoni akakuta jikoni wazi na mbuzi ndani, inakula viazi vya wageni wa arusi. Akasimama na fimbo yake. Aliniuliza kama nyumba yote itaenda kwa maji, ao nitamuachia hata kitanda. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye alikaza uso. Halafu ikamushinda, akacheka pia. Mbuzi njo haikuacha kula.

Jumatano, 8 mwezi wa kumi

Siku mubaya.

Nilitoka na Bata kuijaribu, peke yangu, Gasana kando ya maji na mikono nyuma. Bawaba za jikoni zilipinda palepale. Chuma laini, ya kufungulia mulango, si ya kushindana na maji. Hiyo si kitu, ningerudi na kasia. Lakini pete ya mbele, ile inashika kamba ya mulingoti — pa! Ikakatika. Na ile sikuigusa jana, juu ilionekana nzima! Mulingoti ukaja juu yangu na tanga yote. Niliupokea na bega. Bata ikalala upande, maji ikaingia.

Nikasikia jina yangu. Gasana! Yeye hajawahi kupita maji ya kifundo cha mguu. Sasa maji ilikuwa kwa kifua, na viatu, na kofia, anaita Umulisa, Umulisa. Alishika kamba, akatuvuta mpaka kwa majani.

Tukafika nyumbani. Halafu akasema Murekatete hatapanda kitu hii. Na mimi pia nisiipande tena, basi.

Nililia kidogo. Si juu ya Bata. Juu alikuwa na haki.

Alhamisi, 9 mwezi wa kumi

Mvua. Gasana ametoka mapema, hakusema wapi. Natafuta pete iliyokatika na bawaba zilizopinda, sizioni. Labda amezitupa ndani ya ziwa. Bega inauma. Nimetoa boulons zote za Bata hata hivi, nikazisugua na muchanga. Kwa nini? Sijui. Mikono inataka kazi.

Ijumaa, 10 mwezi wa kumi

Wamefika! Gasana na Twizeyimana, soudeur, muchomeaji vyuma wa Mweso, matope mpaka kwa magoti, na mufuko muzito ambao Gasana alikataa kumuachia mutu. Kumbe vyuma vyangu vibovu alikuwa navyo kwa mufuko wa koti! Alimupelekea Twizeyimana kama kipimo. Nikamuuliza: si ulikataa? Akasema alikataa vyuma, hakunikataa mimi.

Tulilaza mulingoti juu ya mabidoni ya maziwa. Poulie mupya ni roulement, beringi ya pikipiki, katikati ya rondelles mbili kubwa, vyuma bapa vya duara, kamba haina tena njia ya kutoroka. Bawaba ni za fer à béton, nondo ya kujengea, Twizeyimana alizikunja na kuzichoma huko kwake. Boulons mupya. Pete ya mbele nene kama kidole changu cha gumba.

Mama Libérata akashuka na mwamvuli wake. Akazunguka Bata. Akagonga pete na fimbo. Halafu akasema: muniletee dume.

Tukafikiri anatuchekesha. Hapana! Walifunga kamba kwa pete na kwa shingo ya dume, ile kubwa ya mabaka, na Mama mwenyewe akaipiga nyuma. Dume ikaenda! Bata ikapanda majani nyuma yake kama mashua iko na miguu. Twizeyimana alikuwa anakimbia pembeni, anapiga kelele: mashua ya watu, Mama, mashua ya watu! Pete haikusogea hata kidogo.

Mama alifunga mwamvuli. "Sawa," alisema. "Mimi pia nitapanda."

Jumamosi, 11 mwezi wa kumi

Naandika katikati ya ziwa! Juu hakuna kazi ingine ya kufanya.

Tulitoka vizuri. Kamba ilipita kwa poulie bila sauti, tanga ikapanda mara moja mpaka juu. Usukani unasikia hata nikiusukuma na kidole. Murekatete amekaa kati, robe imefunikwa na bâche, turubai ya mvua. Gasana alifunga mabidoni matupu pande zote ili Bata isizame, halafu akakumbatia mulingoti, akafunga macho. Mama mbele, pembeni ya pete yake.

Halafu upepo ukakufa. Pa. Maji iko kama sahani. Ngambo tunasikia chorale ya kanisa wameanza kuimba bila sisi. Na kasia? Tuliisahau kwa majani! Mama amechukua kifuniko cha bidoni, anapiga nacho maji. Tunazunguka.

Sasa Yves anakuja na pirogue, mutumbwi mudogo, na costume na kravati, anatoka jasho. Amefika. Anasema: Mama, pasteur anangoja, nipatie bibi yangu.

Mama anasukuma pirogue na kifuniko. "Hajakuwa bibi yako. Tunamuleta sisi, na mashua yetu."

Yves anaangalia Murekatete. Murekatete ananiangalia mimi.

— Dada Umulisa, upepo utakuja? anauliza.

Nimelowesha kidole, nimeinua. Upande mumoja, baridi: upepo. Kidogo. Kidogo sana —