Mkono wa Angwenyi

Kisii Mjini,
12 Novemba 1951

Kwa dada yangu Ladan, huko Isiolo,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba yule mdogo ameacha kukohoa. Sisi huku tunaendelea vizuri, Alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza kama ile samli ilikufikia. Mvua ni nyingi, barabara ya Keroka imekuwa matope matupu, ila lori bado linapita.

Katika barua yako uliuliza kama ni kweli ndugu yetu Warsame alipewa ushindi wa wizi, na kwamba sasa anamkimbia aliyepigana naye. Nimeona nikueleze mambo yalivyokuwa, maana mimi ndiye niliyekaa kwenye kona yake na ndoo ya maji na taulo.

Pambano lilikuwa la ubingwa wa uzito wa juu wa wilaya hii. Mpinzani wake aliitwa Angwenyi, mkulima kutoka Gesima, mtu mrefu mwenye maneno machache. Wote wawili walijifunza ngumi jeshini wakati wa vita, katika vikosi tofauti. Lilifanywa Jumapili kwa sababu Angwenyi ni Msabato, na mama yake, Persis, alimwambia akipigana Jumamosi asirudi kula kwake. Watu walishuka kutoka Nyamira na Kebirigo kwa miguu, na Wasomali wenzetu wote wa mjini walifunga maduka.

Mwanzoni Warsame alikuwa juu. Alimgusa mwenzake kwa mkono wa kushoto na kuondoka, akamgusa tena na kuondoka. Kisha Angwenyi akampata kwa ngumi ya kulia juu ya jicho, na kuanzia hapo ndugu yetu alipigwa zaidi ya alivyopiga. Raundi ya mwisho aliimaliza ameegemea kamba. Majaji wawili walitofautiana, kwa hiyo uamuzi ukabaki kwa refa, Mzungu mmoja aliyeletwa kutoka Kisumu. Huyo akauinua mkono wa Warsame. Viti vikaanza kuruka.

Wiki zilizofuata hazikuwa nzuri. Wateja wa vijijini waliacha kuja dukani. Keroka walilirushia lori letu matope, na ilisemwa kwamba Baba alimpelekea refa kondoo. Baba aliapa kwamba hata jina la yule Mzungu halijui. Machogu, aliyemfunza Angwenyi, akapeleka malalamiko kwa kamati ya mchezo. Kamati ikajibu kwamba Angwenyi akija mwenyewe kuthibitisha malalamiko, itafuta matokeo, na atakayekwenda Nairobi kuwania ubingwa wa nchi nzima ni yeye. Isipokuwa tu Warsame akubali kurudiana naye.

Warsame akakataa kurudiana. Hakutoa sababu. Baba alimwambia mbele yetu sote kwamba kukataa huko ni sawa na kukiri kuwa tumeiba, na kwamba anamwaibisha mzee wake. Warsame alimsikiliza hadi mwisho, akaenda kupanga magunia. Mimi pia, dada, nilimwona mwoga. Nilikula naye sahani moja na sikumsemesha.

Siku moja mchana Angwenyi akaingia dukani peke yake. Baba alikuwa msikitini. Warsame alikuwa akipima sukari, na mgeni alisimama upande wake wa kushoto, akasalimu, akanyoosha mkono. Warsame aliitikia salamu lakini mkono hakuushika. Aliendelea kumimina sukari, mkono wa mtu ukiwa umening'inia karibu na uso wake. Niliona haya, nikadhani anamdharau. Angwenyi hakukasirika. Alimtazama kwa muda, akazunguka taratibu hadi upande wa kulia, akaunyoosha tena. Hapo Warsame akaushika. Baadaye nilijua kwamba Angwenyi alikuwa amekuja kumwomba warudiane, lakini hakuligusa jambo hilo. Alinunua chumvi, akaaga.

Siku ya soko Kebirigo nilikuwepo na lori. Machogu na watu wengi walimzunguka Angwenyi wakimhimiza aende kwa kamati. Akawajibu kwa Kiswahili, nadhani ili nasi tuliotoka mjini tusikie: "Mimi nilikuwa ndani ya kamba, ninyi mlikuwa nje. Warsame alinishinda. Kamati siendi, na asiniulize mtu tena." Machogu alitupa kofia yake chini, akaondoka. Tangu siku hiyo wateja wameanza kurudi, na Nairobi hakwenda mtu kutoka huku.

Niliporudi nilimweleza Warsame. Alikaa juu ya gunia, akaniambia nifunge mlango. Dada, jicho lake la kushoto halioni. Alikwenda hospitali kwa siri, na daktari alimwambia halitarudi, na kwamba ngumi nyingine inaweza kuliondoa na la pili. Ndiyo maana alikuwa akiniachia usukani, akisingizia mbavu. Hakutaka Baba ajue kwamba mwanawe wa kwanza hawezi tena kuendesha lori, wala hakutaka Angwenyi aishi akijua ni ngumi yake. Nikaukumbuka ule mkono dukani, nikamwambia Angwenyi anajua. Akafunika uso kwa mikono yake.

Juzi nilikutana na Angwenyi njiani, nikamuuliza, sisi wawili tu, nani alishinda hasa. Akacheka kidogo. "Nilishinda mimi," akasema, "na ndugu yako anajua. Lakini mimi nilirudi kwa mama yangu na macho yangu yote mawili." Akaniambia niwasalimie watu wa nyumbani, akapandisha kuelekea Gesima.

Baba bado hajui. Wewe ndiwe pekee ambaye yeye humsikiliza akiwa na hasira, kwa hiyo Warsame ameniomba nikuombe uje kabla ya Ramadhani, uwe chumbani atakapomwambia. Kuhusu nauli, shemeji ataelewa.

Wabusu watoto. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Gulled